Upofu wa rangi: tengeneza bango ambalo kila mtu ataelewa

Tuseme unauza mitumba Owino, soko la Kampala ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe. Rundo la bei ya juu umeliwekea kadi nyekundu, na la bei nafuu kadi ya kijani. Mteja anachukua shati kwenye rundo la kadi nyekundu na kukulipa bei ya kijani. Kabla hujamwita mwizi (na unajua neno hilo linaweza kumfikisha mtu wapi sokoni), fikiria kwamba huenda kwake kadi hizo mbili zinafanana.

Hali hii huitwa upofu wa rangi. Mwenye nayo si kipofu. Anaona, ila baadhi ya rangi humchanganya, hasa nyekundu, kijani na kahawia. Wengi huzaliwa nayo. Huwapata wanaume zaidi, kwa sababu mtoto wa kiume huirithi kupitia mama yake, ambaye kwa kawaida anaona rangi zote vizuri. Si laana wala si kosa la mama. Aina hii ya kuzaliwa nayo haina dawa ya kawaida ya kuiponya.

Kwa hiyo usiiachie rangi kazi yote. Andika bei kwa tarakimu kubwa. Kwenye bango la maji salama na yasiyo salama, weka alama ya vema na ya mkasi, pamoja na maneno. Kwenye ramani, mstari mmoja uwe mzima, mwingine wa nukta. Buluu na manjano hutofautishwa na watu wengi zaidi. Epuka maandishi mekundu juu ya kitambaa cheusi: yanapendeza, lakini kwa baadhi ya watu hayaonekani kabisa. Ukimaliza, piga picha kwa simu na uibadilishe iwe nyeusi na nyeupe. Kama ujumbe umepotea, rekebisha kabla hujalipa mchapaji.

Mahali pengine kosa hugharimu zaidi ya bei ya shati. Utepe wa MUAC, unaozungushwa kwenye mkono wa juu wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 kupima utapiamlo, una rangi tatu: nyekundu ni chini ya sentimita 11.5, manjano ni kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5, na kijani ni 12.5 kwenda juu. Tepe nyingi zina namba pia. Kama wewe ni mzazi au VHT na rangi hizo zinakuchanganya, soma namba, au mwombe mwenzako aangalie. Mtoto aliye chini ya 11.5 apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Ukijishuku, au ukiona mtoto wako anakosea rangi za chaki shuleni, uliza kliniki ya macho kuhusu kipimo cha Ishihara. Utaonyeshwa picha za madoa zenye namba ndani yake. Huchukua dakika chache, na hakuna sindano.