Mang'amung'amu

Mang'amung'amu ni hali ya mtu aliyezinduka usingizini, macho yamefunguka lakini akili haijakaa sawa, kwa kuwa sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima mambo na kuamua, huchelewa kuamka, hasa anapokatizwa usingizi mzito. Kwa kawaida hupungua ndani ya nusu saa, na nyumbani madhara yake ni chumvi kutiwa kwenye chai; angani ni jambo jingine kabisa. Uchunguzi wa ajali ya ndege ya Air India Express, iliyotoka Dubai ikapita mwisho wa njia ya kutua Mangalore, India, tarehe 22 Mei 2010 na kuua watu 158, ulibaini kwamba rubani mkuu alikuwa amelala safarini zaidi ya saa moja na nusu, kisha akashikilia kutua ingawa msaidizi wake alimhimiza apae tena.