Miaka 50 ya Jumuiya Ndogo Ndogo: Kutoka Maboma ya Loliondo hadi Mitaa ya Engutoto

Mwaka 1976 maaskofu Katoliki wa nchi za Afrika Mashariki, chini ya umoja wao wa AMECEA, walikutana Nairobi wakakubaliana jambo moja zito: kwa miaka iliyokuwa mbele yao, kazi ya kwanza ya kichungaji iwe kujenga jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Mwaka huu wa 2026 azimio hilo limefikisha miaka 50. Sisi wa Arusha tuna sababu ya ziada ya kuadhimisha, kwa kuwa mbegu ya jambo hili ilikwisha kuota kwetu kabla maaskofu hawajaketi Nairobi.

Jimbo la Arusha lilizaliwa tarehe 1 Machi 1963, na askofu wake wa kwanza akawa Dennis Durning wa Shirika la Roho Mtakatifu. Lilikuwa jimbo la mbuga kubwa na mapadre wachache. Katika kituo cha Loliondo alikuwepo padre wa shirika hilo hilo, Mmarekani Vincent Donovan. Mei 1966 alimwandikia askofu wake barua ya uchungu: misheni ina shule na hospitali, inaheshimika, lakini Wamasai watu wazima walioamini hawaonekani. Akaomba aache yote hayo, aende boma kwa boma kuzungumza habari za Mungu tu.

Akaruhusiwa. Kwa muda wa mwaka mzima alikuwa akirudi katika maboma yale yale, wiki baada ya wiki, akikaa na wazee, akina mama na vijana kwa pamoja. Ulipofika wakati wa ubatizo, akaanza kuchambua: huyu alihudhuria vizuri, abatizwe, yule alikuwa akikosa, asubiri, huyu mwingine hakuelewa. Mzee mmoja, Ndangoya, akamzuia. Hoja yake ilikuwa kwamba wamejifunza kwa pamoja, na katika mwaka huo wenye nguvu wamewabeba wanyonge, walioelewa wamewasaidia wasioelewa. Basi padre asiwatenganishe leo. Donovan akakubali, akawabatiza wote. Mwaka 1978 alitoa kitabu, Christianity Rediscovered, na habari ya Loliondo ikasomwa duniani kote. Kwangu mimi, huyo mzee wa boma ni mmoja wa waasisi wa jumuiya zetu, hata kama hakuwahi kuingia katika ukumbi wa mkutano wowote wa maaskofu.

Loliondo haikuwa peke yake. Katika jimbo la Musoma, kwa Wajaluo wa Mara ya Kaskazini, wamisionari walijiuliza kwa nini waumini wanavutwa na makanisa huru ya Kiafrika. Utafiti ukaonyesha kwamba huko watu walikuwa wachache, walijuana kwa majina, na aliyeugua alitembelewa. Kuanzia mwaka 1966 wakaanza kuunda vikundi vidogo vya namna hiyo ndani ya parokia. Huko Rulenge, Askofu Christopher Mwoleka alihamia kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Na tusisahau hali ya nchi yenyewe. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa limewafundisha Watanzania kufikiri kwa ujamaa, na chama cha TANU kilikuwa kimewazoesha kukutana kwa nyumba kumi kumi. Maaskofu walipotaka waumini wakutane kwa ujirani, Mtanzania hakuhitaji maelezo marefu.

Wala Wakatoliki hawakuwa wa kwanza kusali nyumba kwa nyumba chini ya Mlima Meru. Walutheri walianza kwa damu: Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri. Baadaye, katika vita vyote viwili vya dunia, wamisionari Wajerumani walipoondolewa, usharika ulibaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji, wakasali na kufundisha kwa namna waliyoweza. Uzoefu huo haukupotea. Hadi leo ibada za nyumba kwa nyumba ni sehemu ya maisha ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) katika mitaa yetu, na mara nyingi Mkatoliki na Mlutheri waliopakana uzio wanakwenda kusali kwa majirani zao asubuhi ile ile, kila mmoja kwa wake.

Baada ya 1976 mambo yalikwenda kwa awamu. Mwaka 1979 maaskofu walikutana Zomba, Malawi, kupima walichokianza. Kutoka chuo cha Lumko, Afrika Kusini, ikaja njia ya hatua saba za kushirikishana Injili, na ndiyo iliyowapa walei ujasiri wa kushika Biblia bila kumsubiri padre. Sinodi ya Afrika ilifanyika mwaka 1994, na mwaka uliofuata Papa Yohane Paulo II akaandika kwamba Kanisa kama familia ya Mungu haliwezi kustawi bila jumuiya hizi. Hapa kwetu jimbo lilipandishwa kuwa Jimbo Kuu mwaka 1999, chini ya Askofu Mkuu Josaphat Lebulu, na mji nao ukaendelea kutanuka.

Ni kutanuka huko kulikoipa Engutoto sura yake ya leo. Kata hii ya upande wa Njiro imejaa watu waliokuja: Wameru na Waarusha wapo, lakini wapo pia Wachaga, Wapare, Wairaki, Wanyaturu, Wahaya, wapangaji na wenye nyumba, dereva wa watalii na muuza mbogamboga. Nyumba nyingi zina uzio na geti. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima akimjua jirani yake kwa honi ya gari tu. Katika mazingira ya namna hii jumuiya ina kazi ambayo hata boma la Loliondo halikuwa nayo, kwa sababu boma lilikuwa na ndugu tayari.

Mgeni hujiunga kwa njia nyepesi. Anafika na barua ya utambulisho kutoka parokia alikotoka, au anamuuliza jirani sala iko wapi wiki hii, kwa maana sala huzunguka nyumba kwa nyumba. Mara nyingi ni Jumamosi alfajiri, baridi ya mlima bado haijaachia. Sebuleni pana meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa. Viti vya plastiki vimeazimwa nyumba ya pili. Watoto wamekaa mkekani. Rozari inasaliwa, Injili ya Dominika inasomwa, inasomwa tena, kisha kimya. Halafu mmoja anasema neno lililomgusa. Mara nyingi ni mama asiyeweza kabisa kusimama kuongea kanisani mbele ya watu mia nane, lakini hapa, mbele ya watu kumi na watano, anaongea. Mwishoni katibu anafungua daftari la mahudhurio, matangazo yanatolewa: nani mgonjwa, nani amefiwa, zamu ya usafi kanisani ni ya nani. Mgeni anasimama, anataja jina lake na alikotoka, anapigiwa makofi, anaandikwa.

Tangu siku hiyo ana watu. Akilazwa, watakwenda na uji. Akifiwa, jumuiya ndiyo itakayofika kwanza, kusali na kupika, na kumsindikiza hadi kaburini. Mtoto wake akitaka kubatizwa, au yeye mwenyewe akitaka kufunga ndoa, mwenyekiti wa jumuiya ndiye atakayesema mbele ya paroko kwamba huyu tunamfahamu.

Hapo ndipo penye ugonjwa pia, na maadhimisho yasitufanye tuufiche. Wapo wanaoonekana jumuiyani wakati wa kutafuta muhuri tu. Wanaume ni wachache mno, vijana wachache zaidi. Na ziko sala ambazo Injili inapewa dakika tano na michango nusu saa, mpaka mama aliyekosa elfu mbili anaona aibu kuja. Hili la mwisho ni kosa kubwa kuliko yote. Jumuiya inayomfanya maskini ajifiche imeacha sababu ya kuwepo kwake, na viongozi wake wanapaswa kuambiwa hivyo, kwa upendo lakini waziwazi.

Liko jambo moja linaloweza kufanyika mwaka huu, nalo halihitaji harambee. Sehemu kubwa ya historia hii imo katika madaftari: mahudhurio ya miaka ya themanini, majina ya wanajumuiya wa kwanza, mihtasari iliyoandikwa kwa kalamu ya wino na makatibu ambao wengi wao ni wazee sasa au wametangulia. Yamo kabatini, mengine yanaliwa na mchwa. Ndugu msomaji, kama daftari la jumuiya yako liko nyumbani kwako, lipeleke ofisi ya parokia. Na kama mzee aliyeliandika bado yupo, nenda naye.