Jembe, Nyumba na Dini ya Mgombea

Katika uchaguzi mkuu wa Septemba 1965, uliokuwa wa kwanza chini ya mfumo wa chama kimoja, wananchi wa Tanzania Bara waliona jambo geni. Wagombea wawili waliokuwa wakishindania kiti kimoja walipanda jukwaa moja na kusikilizwa na watu wale wale. Mmoja alipewa alama ya jembe, na mwingine alama ya nyumba. Mikutano iliandaliwa na TANU, lugha ilikuwa Kiswahili tu, na mgombea alikatazwa kutumia kabila, rangi au dini, iwe yake au ya mwenzake, ili kujipatia kura. Basi wengine wakazigeukia alama zenyewe: mwenye jembe akajinadi kuwa ndiye rafiki wa mkulima, na mwenye nyumba akasifu paa na mlango. Mzaha huo haukumdhuru mtu.

Kwa nini dini ilitiwa katika makatazo hayo? Ili tupate jibu, hapana budi turudi nyuma miaka saba.

Mnamo Januari 1958, katika mkutano wake wa Tabora, TANU ilikubali kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, ambao kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Masharti yake yalikuwa magumu. Mpiga kura sharti awe na elimu, kipato au wadhifa wa kiwango kilichowekwa na serikali ya kikoloni, na shughuli za Baraza la Kutunga Sheria ziliendeshwa kwa Kiingereza. Sasa, nani alikuwa na elimu hiyo? Shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na wazazi wengi Waislamu walichelea kuwapeleka watoto wao huko wasije wakabatizwa. Kwa hiyo masharti ambayo hayakutaja dini hata kwa neno moja yaliwapendelea Wakristo.

Hapo ndipo mzozo ulipoingia ndani ya chama. Sheikh Suleiman Takadir, Mwenyekiti wa Baraza la Wazee wa TANU, ambaye alikuwa miongoni mwa wazee waliompokea Mwalimu Nyerere na kumuunga mkono, alianza kuonya kwamba uongozi ungeangukia mikononi mwa Wakristo. Mwaka huo huo wa 1958 alifukuzwa chamani kwa kosa la kuchanganya dini na siasa. Mwaka 1959 chama cha AMNUT kikataka uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wapate elimu ya kutosha. Waislamu walio wengi hawakukifuata. Walibaki TANU, chama kilichoongozwa na Mkatoliki.

Sisi twaona kwamba mambo mawili yapasa kutenganishwa hapa. Kulalamika kwamba watoto wa Waislamu wamenyimwa shule ni hoja. Inaweza kupimwa, ikajibiwa, na ikaondolewa kwa matendo. Kumwambia mpiga kura kwamba fulani hafai kwa sababu anaswali au anakwenda kanisani si hoja, kwa maana mtuhumiwa hana la kujibu ila kuikana imani yake. Ole wetu ni kwamba mwaka 1958 mambo hayo mawili yalisemwa kwa pumzi moja, na la pili likalizamisha la kwanza.

Kanuni za 1965 zilimkinga mgombea dhidi ya shambulio hilo, na matunda yake yalionekana. Derek Bryceson, Mzungu, alishinda Kinondoni, na Amir Jamal, mwenye asili ya Kiasia, akashinda Morogoro, ilhali Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa. Lakini kanuni ya kampeni haijengi darasa. Iliwabidi watu wangoje Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, iliyozitwaa shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku, ndipo chanzo chenyewe cha malalamiko kianze kuguswa. Na hata hapo pengo la miaka mingi halikuzibika upesi.

Vyama vingi viliporudi, Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 1992 ilikataa kuandikisha chama chenye lengo la kuendeleza dini fulani. Hata hivyo shambulio la zamani lilipata vazi jipya. Badala ya kusema mpinzani ni wa dini fulani, ilitosha kusema ana udini. CUF ilibandikwa jina la chama cha Waislamu. Na mwaka 2010, Dkt. Willibrord Slaa alipogombea urais kwa tiketi ya CHADEMA, upadri aliokwisha kuuacha ulikumbushwa tena na tena, na chama chake kikaitwa cha Wakristo. Mwenye kutoa tuhuma hiyo huonekana mlinzi wa umoja, kumbe naye ameitaja dini ya mwenzake mbele ya wapiga kura, jambo lile lile ambalo wagombea wa jembe na nyumba walikatazwa.