Kambi Saio: Historia Fupi ya Jeshi Lililoipa Jina Lake

Wenyeji wengi wa Bukavu, waliozaliwa wakaikuta Kambi Saio ikitajwa kila siku kama zitajwavyo Kadutu na Bagira, hawajapata kuuliza jina hilo lilitoka wapi. Lilitoka Uhabeshi. Saio ni mji wa nyanda za juu, magharibi ya nchi ile, ambao siku hizi waitwa Dembi Dolo. Na hapo, tarehe 3 Julai 1941, Jenerali Pietro Gazzera, aliyekuwa wakati ule akishika hatamu za dola ya Waitaliano katika Afrika Mashariki, alisalimu amri pamoja na majenerali wenziwe, wote jumla yao tisa, na maafisa mamia na askari maelfu, mbele ya Jenerali Auguste Gilliaert na askari wa Kongo. Jeshi lililopata ushindi ule liliitwa Force Publique, nami niliyevaa magwanda ya jeshi lililolirithi naona si vyema siku ile ikumbukwe kila Julai kwa jina tupu, bila ya kuelezwa jeshi lenyewe lilikuwa la namna gani.

Mwanzo wake haukuwa wa fahari. Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliamuru liundwe mwaka 1885, na amri ya mwaka 1888 ikalipangia taratibu zake; na kwa kuwa hakuwa na watu wa kutosha katika nchi aliyojitwalia, askari wake wa kwanza aliwaajiri ghaibu, wengine Wahausa wa Afrika Magharibi, wengine watu wa Unguja. Ndipo yalipotokea mambo ya ajabu katika vita vya Manyema, vilivyowang'oa Waarabu na Waungwana katika Nyangwe na Kasongo mwaka 1893: watu waliosema Kiswahili walikuwako pande zote mbili za risasi, na wala havikuwa vita vyao. Baada ya hapo bunduki zile zile ziligeuzwa kuwaelekea wanavijiji walioshindwa kutimiza kiasi cha mpira walichotakiwa, na habari za kiboko na za mikono iliyokatwa zinajulikana dunia nzima. Askari mstaafu apendaye kulisifu jeshi bila ya kuitaja dhuluma hiyo hasemi kweli, na msomaji ana haki ya kutomsadiki hata katika yale mema atakayoyasimulia.

Vita Vikuu vya kwanza vililikuta jeshi hilo hapa hapa kwetu. Septemba 1914 Wajerumani walikitwaa kisiwa cha Idjwi, na kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi bonde la Ruzizi likawa mpaka wa mapigano, mpaka Aprili 1916 majeshi ya Jenerali Charles Tombeur yalipovuka kuelekea mashariki: kikosi cha Molitor kikaingia Kigali mwezi wa Mei, kile cha Olsen, aliyekuwa Mdenmarki, kikashuka Usumbura na Kigoma, vikakutana Tabora, mji ulioanguka tarehe 19 Septemba 1916. Ushindi huo uliandikwa kwa majina ya makanali. Wapagazi waliobeba chakula na risasi, waliohesabiwa kuwa zaidi ya laki mbili, hawakuandikwa popote, ilhali bila ya mabega yao hapana kanali ambaye angeuona hata mwembe mmoja wa Tabora.

Lakini habari ya Saio ndiyo inayostahili kusimuliwa kwa kituo. Ubelgiji wenyewe ulikwisha kuangukia mikononi mwa Wajerumani tangu Mei 1940, hata ikawa ajabu kwamba nchi isiyo na ardhi yake huru ina jeshi huru, na jeshi hilo ni la watu inaowatawala. Askari walisafirishwa kwa malori kutoka kaskazini-mashariki ya Kongo mpaka Juba, wakapakiwa merikebu za Mto Nili hadi Malakal, kisha wakaingia katika mito ya Sobat na Baro na kuikabili milima ya Uhabeshi. Waliitwaa Asosa tarehe 11 Machi 1941, na Gambela kabla ya mwezi kwisha. Kisha mvua zikaanza. Njia zikawa matope, malori yakakwama, chakula kikapungua, na waliokufa kwa maradhi wakawa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Na huko juu, katika Saio, Waitaliano walikuwa wengi kuwapita, wenye mizinga na mahandaki, ila nao walikuwa wamekatiwa njia zote na njaa ilikwisha kuwaingia. Wakuu wa Kongo walishambulia kana kwamba wana nguvu kubwa kuliko waliyokuwa nayo hakika, ili adui adhani nyuma yao kuna wengine wengi, na adui akadhani hivyo. Katika fani ya vita sijui jambo zuri kuliko hilo: kumshinda mtu kwa hesabu aliyokosea yeye mwenyewe.

Askari wale walikuwa nani? Baada ya maasi ya Watetela ya mwaka 1895 na 1897, wakoloni walifanya ada ya kuwachanganya watu wa makabila mbalimbali katika kila kikosi, na kuwapeleka mbali na kwao, ili wasipatane upesi dhidi ya wakubwa wao. Wakatumikia miaka saba kwa amri za Kilingala, nao wake zao na watoto wao wakaishi kambini, na ndiyo sababu mpaka leo mtoto wa kambi katika Bukavu hujulikana kwa Kilingala chake katikati ya mji wa Kiswahili. Hivyo utamaduni mzima ulizaliwa kutokana na hofu ya watawala, ukawa, bila ya wao kutaka, udugu wa watu wa nchi moja. Wakongo walipigana, walipata nishani, lakini cheo cha afisa hawakupewa. Na uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, jeshi la watu yapata 25,000 halikuwa na luteni Mkongo hata mmoja. Jenerali Janssens, mkuu wake Mbelgiji, akawaandikia askari ubaoni kwamba baada ya uhuru ni sawasawa na kabla ya uhuru, na maasi yakazuka tarehe 5 Julai, na kabla ya mwezi kwisha Force Publique likawa Jeshi la Taifa.

Yaliyofuata Bukavu nitayapita haraka, kwa kuwa wengi waliyaona kwa macho yao. Agosti 1964 Kanali Léonard Mulamba aliuokoa mji usiangukie mikononi mwa waasi wa Simba; Agosti 1967 mamluki wa Jean Schramme waliutwaa wakajichimbia katika rasi zake mpaka mapema Novemba, walipovuka Ruzizi kukimbilia Rwanda. Ukatwaliwa tena Oktoba 1996, ukatwaliwa Juni 2004, na Februari 2025 wapiganaji wa M23 wakaingia. Mji ulio ukingoni mwa ziwa, wenye mpaka uliotengwa kwa mto mmoja tu na vilima vinavyouinamia, haulindwi kwa ushujaa peke yake. Walinzi wake wanahitaji kulipwa, kulishwa na kuaminiwa na raia, na jeshi lililoanzishwa kuwatisha raia hao lilirithisha adabu nyingi za kijeshi, lakini imani hiyo halikuirithisha.

Hukumu yangu ni kwamba ushujaa wa askari wa Saio ni wao, na dhuluma ya dola iliyowatuma ni ya dola. Hesabu hizi mbili zisichanganywe, wala moja isitumiwe kuifuta nyingine. Juni 2022 Mfalme Philippe wa Ubelgiji alimvisha nishani mjini Kinshasa Koplo Albert Kunyuku, aliyehudumu Burma katika Vita Vikuu vya pili, naye wakati huo alikuwa amekwisha kufika karibu na miaka mia. Wenziwe karibu wote walikwisha kwenda. Basi ewe msomaji wa Bukavu, ikiwa babu yako alikuwa askari, na nyumbani kwenu imebaki nishani, picha, au kitabu chake cha utumishi, usikiuze kwa wachuuzi wa vitu vya kale: andika jina lake, kikosi chake na mwaka aliotoka kambini, kisha upeleke nakala kwa walimu wa taarikh wa mji huu, kabla vizazi vijavyo havijabaki na jina la Saio bila ya jina la mtu hata mmoja.