Ngazi za Usingizi wa Dawa

Huenda ukadhani, msomaji, kwamba mgonjwa aliyepewa dawa ya usingizi hulala kama ulalavyo wewe usiku. Sivyo. Usingizi huo una ngazi zake, na wanadamu walikawia kuzijua.

Mwaka 1879, huko Kahura katika nchi ya Bunyoro, Robert Felkin alimwona mganga akimpasua mama tumbo ili kumtoa mtoto. Kwanza mama alinyweshwa pombe ya ndizi hata akalewa nusu. Mama na mtoto waliokoka, lakini ulevi hauna kipimo. Wakati huo Wazungu walikuwa na etha, iliyoonyeshwa hadharani mjini Boston tarehe 16 Oktoba 1846. Nayo pia iliweza kuua mgonjwa akizamishwa mno. Ndipo mwaka 1920 Daktari Arthur Guedel, aliyefundisha wasaidizi katika hospitali za vita huko Ufaransa, alipoeleza jinsi ya kupima kina cha usingizi kwa kutazama macho na pumzi.

Siku hizi matabibu huhesabu ngazi nne. Katika ya kwanza mgonjwa hutulia tu, na hujibu kama kawaida. Katika ya pili husinzia, lakini huitika akiitwa au akiguswa. Katika ya tatu haamki kwa urahisi, na huenda pumzi yake ikataka msaada. Katika ya nne haamki hata akikatwa kwa kisu. Wala hapana ukuta kati ya ngazi na ngazi: mgonjwa huweza kuteleza kutoka moja hadi nyingine kwa dakika chache.

Sasa fikiri Hagadera, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 huko Garissa kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Somalia. Mtoto akivunjika mkono, lazima atulizwe ndipo mfupa unyoshwe. Mahali palipo mbali na hospitali kubwa, ketamini, iliyotengenezwa mwaka 1962, hufaa sana, maana kwa kawaida mgonjwa huendelea kuvuta pumzi mwenyewe. Lakini dawa hiyo haifuati ngazi zile sawasawa: macho huweza kubaki wazi, na mtoto asihisi maumivu. Atazamaye macho peke yake atadanganyika.

Basi ukimwona mtu ameketi kichwani pa mgonjwa, hashiki kisu wala hafungi jeraha, usidhani hana kazi. Yeye ndiye ahesabuye pumzi.