Kurban: Chungu cha Kijiji Kizima

Katika vijiji vya Bulgaria, mgeni wa heshima hulakiwa kwa mkate na chumvi. Humega kipande, akakichovya katika chumvi, akala mbele ya wenyeji wake. Lakini mlo unaowakusanya wanakijiji wote kwa pamoja ni ule uitwao kurban.

Tarehe 6 Mei, siku ya Mtakatifu Georgi, mlinzi wa mifugo, huchinjwa wanakondoo. Penye kurban ya kijiji kizima, nyama hupikwa katika masufuria makubwa, mara nyingi uani mwa kanisa. Padri huibariki, kisha hugawiwa watu wote, awe tajiri, maskini au mpita njia. Chakula hicho hakiuzwi. Hata mtu aliyenusurika na ajali au maradhi mazito huweza kutoa kurban yake, akawalisha majirani kwa shukrani.

Jina hili lina historia. Waturuki wa Dola ya Uthmaniya waliitawala Bulgaria tangu mwisho wa karne ya 14 hadi mwaka 1878. Neno kurban liliingia huko kwa njia ya Kituruki, nacho kililipata katika Kiarabu: sadaka imkurubishayo mja kwa Mola wake. Waislamu wa Bulgaria huliita hivyo chinjo la Idi. Wakristo nao wamelifanya neno lao.

Sisi walimu wa Kiswahili tunaijua asili hiyo. Katika mzizi huohuo wa Kiarabu tumepata karibu, akraba na takriban. Neno tulitamkalo mlangoni na lile wanalolipikia Wabulgaria ni ndugu.

Baada ya mwaka 1944 serikali ya kikomunisti iliyaunganisha mashamba na kuzibana ibada, lakini kurban haikutoweka. Tishio la leo ni jingine. Mwaka 1985 nchi hiyo ilikuwa na watu karibu milioni 9. Sensa ya mwaka 2021 ilihesabu kama milioni 6.5, na vijiji vingi vimebaki na wazee. Ndiyo maana wengi waliohama hurejea siku ya sikukuu ya kijiji chao, wakala pamoja.

Basi tunapowafundisha wanafunzi neno karibu, tusiishie kwenye salamu ya mlangoni. Tuwaeleze kwamba mzizi wake ni kusogeleana, na kwamba watu husogeleana zaidi penye chakula.