Waaustronesia katika Afrika ya Mashariki

Waaustronesia katika Afrika ya Mashariki walikuwa mabaharia kutoka visiwa vya Asia ya Kusini-Mashariki waliovuka Bahari Hindi katika milenia ya 1 BK. Walifika Madagaska na Komori, na pengine pia pwani ya Waswahili. Ni ndugu wa mbali wa Wapolinesia, waliosafiri upande wa mashariki hadi Hawaii, Kisiwa cha Pasaka na Nyuzilandi. Kwa sababu lugha yao ilidumu Madagaska lakini haikudumu bara, safari hizo huzua swali la historia mbadala: je, pwani ya Afrika ingeweza kuwa nchi ya Waaustronesia?

Ushahidi wa lugha

Lugha za Kiaustronesia ni zaidi ya 1,000, na chanzo chake kwa kawaida huwekwa Taiwan. Mnamo 1951 mtaalamu Mnorwe Otto Christian Dahl alionyesha kwamba Kimalagasi kiko karibu hasa na Kimaanyan, lugha ya kusini mwa kisiwa cha Borneo, takriban kilomita 7,000 kutoka Madagaska.

Undugu huo unafika hadi Polinesia. Neno la "tano" ni dimy kwa Kimalagasi, lima kwa Kimalay na rima kwa Kimaori. "Mbingu" ni lanitra, langit na rangi. Hata hivyo, majina kadhaa ya mifugo ya Kimalagasi yana asili ya Kibantu, kama vile omby (ng'ombe), akoho (kuku) na amboa (mbwa). Wamalagasi wa leo wana asili ya pande zote mbili. Utafiti wa jenetiki wa mwaka 2012 ulikadiria kwamba wanawake waanzilishi wa jamii hiyo walikuwa takriban 30 tu, wengi wao wakiwa na asili ya visiwa vya Asia.

Ushahidi wa mimea

Utafiti wa akiolojia uliotolewa mwaka 2016 ulilinganisha mabaki ya mazao kutoka bara na visiwani. Komori na Madagaska kulikuwa na mpunga na choroko kwa wingi kuanzia karne ya 8 hadi ya 10. Katika pwani ya bara na visiwa vilivyo karibu nayo, mazao ya Kiafrika kama mtama na uwele ndiyo yaliyotawala, na yale ya Asia yalikuwa machache.

Mimea mingine yenye asili ya Asia ilisambaa mbali kuliko mabaharia wenyewe. Migomba na magimbi hulimwa hadi ndani ya bara, ikiwemo Wilaya ya Mbinga mkoani Ruvuma, iliko kata ya Litumbandyosi. Njia na wakati wa kufika kwa mimea hiyo bado hujadiliwa.

Ngalawa

Ngalawa ni mtumbwi wenye matengo pande zote mbili ili usipinduke. James Hornell, mtafiti wa vyombo vya majini, aliona muundo huo kuwa ni athari ya Indonesia, ambako vyombo vya aina hiyo ni vya kawaida. Mitumbwi ya Polinesia na ya magharibi mwa Madagaska kwa kawaida ina tengo upande mmoja tu. Ngalawa ni chombo cha pwani. Wavuvi wa Ziwa Nyasa hutumia mitumbwi isiyo na matengo.

Shambulio la Kanbalu

Kitabu cha Kiarabu cha karne ya 10, "Ajaib al-Hind", kinasimulia kwamba mwaka 945 watu wa Wakwak walishambulia Kanbalu kwa vyombo vipatavyo 1,000. Inasemekana walitafuta pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi za chui, ambari na watumwa. Wataalamu wengi huitambua Kanbalu kuwa katika kisiwa cha Pemba. Baadhi yao huwaona Wakwak kuwa Waaustronesia, lakini jambo hilo linabishaniwa.

Historia mbadala

Safari yenyewe haikuwa kizuizi. Mwaka 1985 chombo cha matengo kilichoitwa Sarimanok kilisafiri kutoka Bali hadi Madagaska, kikisukumwa na pepo za kusini-mashariki. Tofauti kubwa ilikuwa nchi waliyoifikia. Visiwa vya mbali vya Polinesia havikuwa na watu, na Madagaska ilikuwa na wakazi wachache. Pwani ya bara, kinyume chake, tayari ilikuwa na wakulima, wavuvi na wafua chuma waliosema lugha za Kibantu, pamoja na miji ya biashara kama Unguja Ukuu na Shanga.

Hivyo dhana ya "pwani ya Waaustronesia" huhitaji wafike karne nyingi mapema zaidi na kwa wingi. Hata hapo, mfano wa Guinea Mpya unatoa tahadhari. Waaustronesia walifika huko zaidi ya miaka 3,000 iliyopita wakakuta wakulima wenyeji. Lugha zao zilishika sehemu za pwani na visiwa vya jirani, huku nyanda za juu zikibaki na lugha za Kipapua. Kwa kulinganisha, hata kama Kilwa au Pemba ingesema lugha ya jamii ya Kimalagasi, nyanda za ndani kama Mbinga huenda zingebaki na lugha za Kibantu.